Jipu la kifandugu: nyota ninazoupa kila upasuaji

Naanza na hukumu kabisa, mwenye haraka asome aende zake. Ukiwa na hii sinasi ya pailonaido, yani kile kijitundu kinachokaa juu ya mfereji wa makalio pale kwenye kifandugu, kinatoa usaha, kinakauka, baada ya muda kinavimba tena, swali la kwanza sio hospitali gani nzuri. Swali la kwanza ni mshono utakaa wapi. Daktari akikwambia utakaa katikati kabisa ya mfereji, mshukuru, chukua makaratasi yako nenda kasikilize na daktari mwingine. Akikwambia utakaa pembeni, vuta kiti. Sawa, kiti huwezi kukalia, simama hivo hivo ila msikilize.

Nimefanyiwa kwa njia tatu tofauti hapa Dar, sehemu tatu tofauti, na shemeji yangu wa Tanga kafanyiwa ya nne, kwaiyo ninachoandika hapa nimekilalia kifudifudi. Majina ya hospitali sitaji, msinifate inbox kuuliza.

Kwanza tuondoe hili la bawasiri. Kila niliyemwambia nina kidonda huko nyuma alisema bawasiri hiyo, na dawa ya unga ikaletwa nyumbani kwenye chupa ya maji ya Kilimanjaro, ninywe asubuhi na jioni. Bawasiri inakaa kwenye njia ya haja kubwa. Hii iko juu, sentimita kadhaa juu ya njia, kwenye ngozi tu, haina uhusiano wowote na choo, unaenda chooni vizuri kabisa hamna damu hamna nini, ila chupi ndo inakuwa na madoa na harufu ambayo unaanza kuogopa kukaa karibu na watu kwenye daladala. Ukiangalia kwa kioo (au umwombe mtu unayemwamini, mimi mke wangu alipiga picha kwa simu) unaona kijitundu kimoja au viwili vidogo kama vimetobolewa na sindano, vimejipanga kwenye mstari wa katikati. Hivyo vijitundu ndo milango ya ugonjwa. Chini yake kuna uwazi umejaa usaha na nywele.

Ndio, nywele. Mimi nilikuwa siamini mpaka daktari alipochomeka koleo nyembamba akavuta kitu kama uzi mweusi kirefu, akavuta tena, zikatoka kishungi kizima, nesi aliyekuwa pembeni akasema "makubwa haya". Nywele zilizokatika zinashuka zinanasa kwenye mfereji, ukikaa unasugua, zinajichimbia kwenye ngozi, mwili unaziona ni adui unatengeneza usaha. Na sio lazima ziwe za makalioni, Wajerumani walizichunguza wakakuta nyingine zinatoka kichwani, kisogoni, zinateremka mgongoni baada ya kunyoa. Vinyozi wenyewe wanapata ugonjwa huu huu kwenye vidole, katikati ya kidole na kidole, kwa nywele za wateja! Kwaiyo ukitoka saluni oga mwili mzima, usiishie kupanguswa shingo na poda.

Inawapata sana vijana kuanzia balehe mpaka kama miaka 40 hivi, wanaume zaidi ya wanawake, hasa wanaokaa muda mrefu. Vita ya pili ya dunia wanajeshi wa Marekani wapatao 80,000 walilazwa kwa ajili yake mpaka ukabatizwa ugonjwa wa jeep, maana watu walisema ni ile kurushwa rushwa kwenye gari siku nzima. Mimi naendesha gari la mizigo Dar mpaka Tunduma, nadhani mmenielewa. Kwa watu weusi hauonekani sana kama kwa Waturuki na Wagiriki, na nadhani ndo maana huku kwetu unaweza kuzunguka vituo vitatu unaandikiwa amoksilini tu hamna anayekwambia jina la ugonjwa. Vidonge vinatuliza, haviponyi, maana nywele bado zimo ndani zinakusubiri.

Haya, twende kwenye nyota.

Kutumbua jipu. Nyota 3. Hii nilifanyiwa kwenye zahanati moja usiku, siku ambayo limevimba hadi nalia, homa juu, siwezi kukaa wala kulala chali. Wanachoma ganzi (ganzi kwenye jipu la moto haishiki vizuri, jiandae, hapo hamna ujanja), wanachana, usaha unatoka, na nakuapia dakika ile ile maumivu yanashuka, unatamani umkumbatie aliyekuchana. "Pole baba, sasa utalala," ndo maneno ya yule mama nesi na kweli nililala. Bei ndogo, haraka, unarudi nyumbani usiku huo huo. Nyota mbili nimezikata kwa sababu huku ni kuzima moto tu. Kuna watu wengi tu wanapona moja kwa moja baada ya kutumbuliwa tu, sasa usiombe uwe kwenye kundi lingine, mimi nilikuwa kundi lingine. Kitu kingine, mwombe achane pembeni kidogo ya mstari wa katikati, kidonda cha pembeni kinapona upesi kuliko cha katikati. Na mtu asikwambie upasuaji mkubwa ufanyike siku hiyo hiyo jipu likiwa limeiva, kwanza litulie, mengine baadae.

Kukata yote na kushona katikati. Nyota 1, na hiyo moja ni ya yule kijana wa usafi aliyekuwa ananiletea uji. Hii nilifanyiwa hospitali binafsi nzuri tu, vigae vinang'aa, AC, mapokezi wanakuita mheshimiwa. Daktari akanambia kazi ndogo, tunakata tunashona unaenda nyumbani, ndani ya wiki mbili umesahau. Na ukisikia hivyo unafurahi kwa kweli, nani anataka kidonda cha wazi. Sindano ya ganzi mgongoni, kazi imeisha nasikia wanaongea habari za Simba na Yanga, natoka. Nyuzi zilipotolewa ikaonekana safi. Alafu kona ya chini ya mshono ikaanza kulowana, maji kidogo, ukafunguka upana wa kucha, ukafunguka wote. Narudi wananambia "ni infekisheni ndogo, meza hizi". Namuuliza mbona imefunguka, jibu "wewe umekaa sana". Jamani nilikuwa nalala kifudifudi kama mtoto mchanga, na gari nilimwachia turnboy na dereva mwingine.

Nilipokuja kukutana na daktari mwingine ndo akanieleza, na tangu hapo nimesoma mwenyewe mpaka nimechoka: hilo sio bahati mbaya yangu, ni tabia ya upasuaji wenyewe. Tafiti zilikusanywa na Cochrane (mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba), mwaka 2007 na tena 2010, zikalinganishwa, ikaonekana mshono wa katikati unachelewa kupona, unapata infekisheni zaidi na ugonjwa unarudi zaidi ukilinganisha na mshono uliohamishiwa pembeni, na wakashauri kama mtu anashona basi ashone pembeni. Yani hili halibishaniwi tena, lipo wazi miaka na miaka, na bado mtu kwenye jengo lenye vigae vinang'aa anakushona katikati na bili anakupa. Hapo ndo hasira yangu ilipo.

Kukata na kuacha wazi. Nyota 3. Hii ni ya shemeji yangu, hospitali ya serikali, na ndo inafanyika sana kwetu kwa sababu haihitaji ufundi mkubwa. Wanakata nyama yote mbovu mpaka chini, wanaacha shimo, linajaa lenyewe kutoka chini kuja juu. Uzuri wake, ugonjwa haurudi sana kama ule wa kushona katikati, na infekisheni haina pa kujificha. Ubaya wake ni muda, hesabu miezi sio wiki, wengi inafika miezi miwili na kuendelea, na dresing kila siku.

Niiongelee dresing maana hamna anayeiongelea. Gozi (kile kitambaa cheupe cha kidonda) inawekwa kwenye shimo, kesho yake imekauka imeshikana na nyama mpya. Kuna nesi anaivuta kavu kavu, zzzap, damu inatoka, machozi yanatoka, na ile nyama changa iliyoota jana imeondoka nayo, unaanza upya. Kuna nesi anamwagia maji ya chumvi ya hospitali kwanza, anasubiri, anapiga stori, gozi inalegea inatoka yenyewe. Kazi hiyo hiyo, tofauti ni kama dakika tano za uvumilivu. Shemeji alikuwa anaangalia zamu, akiona yule wa kwanza yuko ndani anajidai anaenda chooni mpaka zamu ibadilike 😂. Baadae dada yangu akafundishwa akawa anamfanyia nyumbani: unaoga kwanza kwa maji yanayotiririka, unasafisha, gozi iliyolowa inalazwa chini shimoni ijaze uwazi ila isishindiliwe kama unaziba bomba, juu kavu, plasta. Na kitu muhimu, mtu aangalie nywele zinazoota kwenye kingo zisidumbukie ndani. Akiona daraja la ngozi limejifunga juu wakati chini bado pana shimo, warudi kwa daktari, hiyo imepona juu tu.

Kama huna mtu nyumbani wa kukufanyia, huwezi kujifanyia mwenyewe, sehemu huioni wala huifikii, kwaiyo piga hesabu ya nauli na gozi za miezi miwili kabla hujasema hii ni rahisi. Upasuaji serikalini ulikuwa bei poa, dresing ndo zilimla.

Sasa flapu, yani kuhamisha nyama ya jirani ije kuziba kidonda. Nyota 4 na nusu. Hii ndo iliyonimaliza shida, hospitali kubwa ya rufaa, kwa daktari bingwa wa upasuaji mzee mmoja mwenye miwani ya kamba, haongei sana, ila kaniambia kitu nilichokuwa sijaambiwa kokote. "Kijana, tatizo sio uvimbe. Tatizo ni huo mfereji. Mrefu, una jasho, hewa haipiti, nywele zinaingia. Mimi nikikata uvimbe nikauacha mfereji ulivyo, tutaonana tena." Akachukua fomu ya maabara akageuza nyuma akachora umbo la almasi kama kwenye karata, akaweka alama kona mbili nyuzi 60, kona mbili nyuzi 120, akasema hiki kipande chote kinatoka na uchafu wake mpaka karibu na mfupa. Alafu akachora mstari mwingine pembeni, kwenye nyama ya kalio, akasema hii nyama na mafuta yake naikata pande tatu naizungusha inakuja kuziba hapa. Nikamuuliza na hapo ilipotoka? Akasema hapo ngozi inavutwa inashonwa, makalio yana ngozi ya ziada usiwe na wasiwasi. Nikacheka, yeye hakucheka.

Hiyo inaitwa Limberg, jina la daktari wa Urusi enzi za Kisovieti. Wengine wanaisogeza ile kona ya chini itoke nje ya mstari wa katikati, maana kona ya chini ndo huwa inakorofisha. Kuna ndugu yake inaitwa Karydakis, huyu alikuwa daktari wa jeshi la Ugiriki, yeye anakata kimviringo kilichoegemea upande mmoja, anavuta nyama ya upande wa pili, mshono wote unakuwa pembeni. Alitoa hesabu ya wagonjwa wake zaidi ya 6,000 mwaka 1992, waliorudiwa ni kama asilimia 1. Na ya tatu ni ya Bascom, daktari wa mji wa Eugene kule Oregon Marekani, yeye anainua mfereji wenyewe, anatoa ngozi ya juu tu na kuacha mafuta ya chini, ukipona unakuta mfereji umekuwa mfupi na tambarare. Zote tatu wazo lao moja: mshono ukae kwenye hewa, mfereji upungue kina.

Ganzi ya mgongo tena, muda ukawa mrefu kidogo kuliko mara ya kwanza. Nimeamka na mpira mwembamba unatoka kwenye kidonda una kichupa cha kunyonya damu na majimaji, unatembea nao umeushika kama mkoba wa mama mkwe, ukatolewa majimaji yalipopungua. Maumivu ni ya kuvuta, sio ya kuchoma, na siku za mwanzo ukikohoa unaona nyota ambazo sio za ripoti hii. Kukaa marufuku kabisa mwanzo, kula umesimama, kusali nilisali nimesimama kwa ishara. Chooni unakaa taratibu ukiegemea paja moja, unaosha kwa maji kuelekea mbele sio kurudisha uchafu kwenye mshono, unakausha kwa kupapasa. Hakikisha unakula papai na maji mengi, choo kigumu na mshono mpya visikutane.

Ule mshono haukufunguka. Nikarudi barabarani, mwanzo safari fupi, nasimama mara kwa mara naruka ruka pembeni ya gari watu wa mizani wananishangaa, sasa nafika Tunduma.

Nusu nyota nimekata kwa sababu mbili. Kovu ni kubwa, linaonekana, sio mstari mwembamba, ni umbo kabisa kama herufi imeandikwa na mtu aliyelewa. Mke wangu anasema hajali, ila kuna dada mmoja tulikuwa wodi jirani, kamtaka daktari amfanyie ile ya Karydakis au Bascom kwa sababu kovu lake linakuwa jembamba, na daktari akakubali, kwaiyo ukijali hilo sema mapema. Pili, kipande cha ngozi pale hakina hisia, ukigusa ni kama umegusa mtu mwingine. Daktari alinitahadharisha, inaweza kurudi kidogo kidogo, yangu bado.

Kuna hizi ndogo ndogo ambazo sijazifanyiwa kwaiyo nyota sitoi, nawapa tu nilichokusanya ili mjue kuuliza. Kwa wenye ugonjwa mdogo, vijitundu vichache na hamna jipu kubwa, sio lazima mtu akukate kalio zima. Huyu huyu Bascom miaka ya 1980 alionyesha unaweza kutoa vile vijitundu tu kimoja kimoja, saizi ya punje ya mchele, na kusafisha uwazi kupitia tundu la pembeni. Israeli wakaiendeleza kwa kutumia visu vya mviringo vinavyotoboa, Gips na wenzake walitoa matokeo mwaka 2008 ya wagonjwa zaidi ya 1,300, ganzi ya sehemu ile tu, mtu anarudi kazini upesi sana, ila kufikia miaka 10 waliorudiwa walikuwa kama asilimia 16. Nadhani kwa mtu ambaye hawezi kukaa nje ya kazi mwezi mzima hiyo ni biashara ya kufikiria. Waturuki wanatumia sana fenoli, dawa kali inawekwa ndani ya tundu inaunguza ukuta wa ndani baada ya nywele kutolewa, na ngozi ya nje inapakwa mafuta isiungue. Kuna kamera nyembamba walizoanzisha Waitaliano, daktari anaingia anaona nywele kwenye skrini anazitoa anaunguza. Na kuna leza, uzi unaingizwa kwenye tundu unachoma unapotoka. Hii leza nimeona matangazo yake mengi mtandaoni, "bila kisu bila maumivu", na mimi nikiona tangazo la hospitali lina emoji ya moto naulizaga maswali mawili tu: umefanya wangapi, na waliorudiwa ni wangapi. Nilipopiga kuuliza, aliyepokea simu alinikatia. Bima nayo iulizwe kabla, yangu ililipa flapu yote ila gozi za nyumbani nilinunua mwenyewe.

Na kama una kijitundu tu hakikuumi, hakitoi chochote, umekigundua kwa bahati, hamna haja ya kukimbilia kisu. Usafi, nywele zipunguzwe, endelea na maisha. Tofauti na hapo kama una kidonda cha miaka na miaka kinachotoa usaha na umekizoea, usikizoee, ni nadra sana lakini vidonda vya muda mrefu namna hiyo vimewahi kugeuka saratani.

Nywele baada ya kupona, hapa watu wanabishana. Wembe kila wiki nilikuwa naona ndo akili, lakini kuna utafiti wa wagonjwa wa jeshi la Ujerumani ulikuta walioendelea kunyoa kwa wembe walirudiwa zaidi ya wasionyoa, labda kwa sababu wembe unatengeneza vipande vidogo vyenye ncha kali. Leza ya kuondoa nywele (hii ni tofauti na ile leza ya kuchoma tundu, msichanganye) ndo inayosifiwa, bei yake sasa, mh. Daktari wangu alisema mashine ya kupunguza inatosha, na kuoga pale hasa, vidole viingie kwenye mfereji, usione aibu ni mwili wako. Sigara nayo inachelewesha kidonda kupona.

Ukienda kwa daktari muulize haya haya: unashona au unaacha wazi, ukishona mstari unakaa katikati au pembeni, umefanya wangapi za hivyo, nani atanifanyia dresing. Wa kwangu alijibu yote bila kukasirika, yule wa vigae alijibu "wewe ni daktari?"

Jumla ile hospitali ya rufaa naipa 4. Upasuaji 5, nesi wa wodi ya wanaume zamu ya usiku 5 na ningeweza ningempa 6, anamwagia maji ya chumvi kabla hajavuta gozi. Dirisha la kuchukulia faili 1, unafika saa 12 asubuhi faili linapatikana saa 5, na pale nje mabenchi yote ni ya chuma na wagonjwa wa kifandugu wote tumesimama.